Hodi na Karibu Katika Njia za Kompyuta

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Maneno ya somo la leo. Kiongozi wa darasa ayaandike ubaoni, na wanafunzi wayasome kwa sauti kabla ya kusikiliza.

Seva: kompyuta inayokaa macho usiku na mchana ikijibu maombi ya kompyuta na simu nyingine.
Hifadhidata: ghala la habari zilizopangwa, ambalo mtu huweza kuliuliza swali likajibu.
Kivinjari: programu ya simu au kompyuta inayofungua kurasa za intaneti.
Asili: mahali ukurasa ulikotoka.

Karibuni darasani. Ninyi mlioketi nyuma, vuteni viti karibu na redio ili msikie vizuri. Fungueni madaftari yenu.

Leo nitaanza na neno dogo ambalo kila mmoja wenu analijua. Neno hilo ni hodi. Mtu akifika nyumbani kwa mwenzake hasukumi mlango akaingia. Husimama nje akapiga hodi. Mwenye nyumba akisema karibu, mgeni huingia. Akipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, hurudi zake. Hakuna aliyetufundisha jambo hili shuleni. Tulilijua kabla ya kujua kusoma. Basi leo nataka kuwaelezeni kwamba kompyuta nazo zina hodi yao, na tutaona jinsi mwenye hifadhidata anavyoweza kusema karibu, na kwa nini asiseme karibu ovyo.

Ninasema nanyi kutoka Tabora, mji uliokuzwa na njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Hapa njia iligawanyika. Moja ilishika magharibi mpaka Ujiji, penye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na waya. Njia hiyo ilipitisha watumwa pia, na hilo tusilisahau. Ilikuwa safari ndefu. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi mwaka 1871, akafika Kwihara, jirani na mji wetu, mwezi wa Juni.

Mbele ya msafara alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia. Yeye akisimama, wote walisimama. Msafara ulipofika katika nchi ya mtemi haukupita tu. Ulipiga kambi, wajumbe wakaenda kwa mtemi kuomba njia na kupatana naye juu ya hongo. Siku zile hongo ilikuwa ushuru wa njia, wala si rushwa kama neno hili linavyotumika leo. Mtemi akiridhika, msafara ulipita. Asiporidhika, watu walingoja kambini. Na njia iliweza kufungwa kabisa. Mwaka huo huo wa 1871 Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, njia ya Ujiji ikafungwa. Stanley alilazimika kuzunguka kusini, kupitia mapori, ndipo akafika Ujiji mwishoni mwa mwaka akamkuta Livingstone.

Katika habari hii shikeni mambo mawili. La kwanza: mwenye nchi ndiye asemaye nani apite. La pili: kirangozi ndiye asimamishaye msafara. Mambo hayo mawili yatatusaidia sasa hivi.

Twende sasa kwenye kompyuta. Tuseme darasa lenu limetengeneza ukurasa wa intaneti juu ya njia ya misafara. Ukurasa unakaa katika seva moja hapa Tabora. Mnataka uonyeshe ramani yenye Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na habari za kila mji. Lakini habari hizo hamkuziandika ninyi. Zimo katika hifadhidata ya watu wengine, katika seva nyingine, labda ng'ambo ya bahari. Msomaji akifungua ukurasa wenu katika simu yake, kivinjari kinauleta ukurasa kutoka seva ya kwanza. Halafu ukurasa wenyewe, ukiwa umo ndani ya simu ya msomaji, unataka kuiuliza seva ya pili: nipe miji hii na mahali pake katika ramani.

Hapo kivinjari kinasimama. Kinatazama asili ya ukurasa na asili ya hifadhidata, kinaona kwamba hazilingani. Asili ni mambo matatu kwa pamoja: njia ya mawasiliano, yaani http au https, jina la seva, na namba ya mlango wa seva hiyo. Yote matatu sharti yalingane. Likitofautiana moja tu, kivinjari huhesabu kwamba ni wageni. Hata anwani mbili zenye jina moja, ikiwa moja inaanza na http na nyingine na https, ni asili mbili.

Mtu huenda akauliza: Kwa nini kivinjari kiwe mkali hivyo? Sikilizeni mfano huu.

Muuguzi mmoja amefungua asubuhi hifadhidata ya kituo chake cha afya. Ametia jina lake na neno lake la siri. Seva imekipa kivinjari chake kitambulisho kidogo, kinachoitwa kuki, ili asiulizwe neno la siri kila mara. Saa sita mchana anapumzika, anafungua ukurasa mwingine asome habari za mapishi. Kumbe ukurasa huo umeandikwa na mwizi. Kimyakimya unatuma ombi kwenye seva ya kituo: nipe majina ya wagonjwa na maradhi yao. Kivinjari kinaweza kulipeleka ombi hilo pamoja na kitambulisho cha muuguzi. Seva inakiona kitambulisho, inadhani muuguzi ndiye aulizaye, nayo inajibu. Kama hakuna kizuizi, mwizi amekwisha soma siri za wagonjwa, na muuguzi bado anasoma jinsi ya kupika pilau.

Kwa sababu hiyo, katikati ya miaka ya 1990, kampuni ya Netscape ya Marekani iliweka sheria katika kivinjari chake: ukurasa wa asili moja usisome habari za asili nyingine. Vivinjari vingine vilifuata. Siku hizi vivinjari vimeongeza tahadhari juu ya kuki zenyewe, lakini sheria ya asili ingali ndiyo ukuta wa nyumba.

Ukuta ni mzuri, lakini nyumba isiyo na mlango ni kaburi. Wako watu wenye hifadhidata wanaotaka wageni wasome. Kwa miaka mingi mafundi hawakuwa na mlango halali, wakapita njia za panya. Njia moja ilikuwa ukurasa kupokea maagizo ya programu kutoka seva ya nje na kuyatenda yote, badala ya kupokea habari tupu na kuzisoma. Ni kama kumpa mleta barua ufunguo wa nyumba kwa kuwa tu ameleta barua. Ndipo ukatungwa utaratibu wa mlango wa mbele, na mwezi wa Januari mwaka 2014 shirika la W3C, linaloandika kanuni za kurasa za intaneti, liliupitisha rasmi.

Haya, utaratibu wenyewe ni huu. Kivinjari kinapotuma ombi kwa seva ya asili nyingine, huandika juu ya bahasha: ombi hili limetoka kwa ukurasa wa asili fulani. Ukurasa hauwezi kuudanganya mstari huo, kwa maana kivinjari ndicho kiandikacho. Hiyo ndiyo hodi. Seva ikitaka kusema karibu, huandika juu ya bahasha ya jibu mstari mmoja. Mstari huo umeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo kompyuta zote zilivyokubaliana:

Access-Control-Allow-Origin

Maana yake ni: asili inayoruhusiwa. Mbele yake huandikwa asili moja, au alama ya nyota. Asili moja maana yake: fulani tu, karibu. Nyota maana yake: kila mtu, karibu. Kivinjari kikiona jina la ukurasa wake, au nyota, huufungulia ukurasa jibu. Kisipoona kitu, hulizuia jibu, na fundi huona maneno ya kosa.

Sasa angalieni jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Katika ombi jepesi la kusoma tu, ombi limekwisha fika kwa seva, na jibu limekwisha rudi mpaka ndani ya simu. Kinacholishika jibu ni kivinjari. Kirangozi ndiye aliyeusimamisha msafara, ijapokuwa ruhusa ni ya mtemi. Kwa hiyo fundi akipata kosa hili asihangaike kuugeuza ukurasa wake mara mia. Dawa haimo katika ukurasa. Aende kwa mwenye seva, aombe karibu.

Yapo pia maombi mazito: kubadili habari, kufuta habari, au kutuma swali kwa maandishi ya namna ambayo ukurasa wa kawaida hautumii. Kwa haya kivinjari hakithubutu kutuma ombi lenyewe kwanza. Humtanguliza mjumbe, kama msafara ulivyofanya kwa mtemi. Ombi la mjumbe huitwa OPTIONS. Linauliza: ukurasa wa asili hii unataka kufanya jambo hili, je, waruhusiwa? Seva sharti ijibu mambo yote: asili gani, kazi gani, na maandishi ya namna gani. Jibu likiwa zuri, ombi lenyewe hufuata. Seva inaweza pia kusema, ruhusa hii itunzeni kwa muda kadha, ili mjumbe asitumwe kila mara.

Nitawapeni mifano miwili ya kweli.

Mfano wa kwanza ni Wikidata. Hii ni hifadhidata ya bure, iliyoanza mwaka 2012, ndugu yake ile kamusi elezo ya Wikipedia. Mwaka 2015 ilifunguliwa seva yake ya maswali. Habari zake ni za watu wote: miji, mito, watu mashuhuri. Tabora imo, Bagamoyo imo, Ujiji imo. Hakuna siri ya mtu wa kulindwa humo. Kwa hiyo seva hiyo hujibu kwa nyota. Ukurasa wenu wa njia ya misafara waweza kuiuliza bila kumwandikia mtu yeyote barua ya kuomba. Hapo nyota ni ukarimu, wala si uzembe.

Mfano wa pili ni DHIS2. Huu ni mfumo wa kukusanya takwimu za afya, unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na nchi yetu ni miongoni mwa nchi nyingi zinazoutumia. Kwa kawaida ukurasa wa nje hauwezi kuuliza hifadhidata yake. Lakini katika mipangilio ya mfumo mna mahali pa kuandika orodha ya asili zinazoruhusiwa, kila asili katika mstari wake. Msimamizi akitaka ukurasa fulani usome takwimu, huiandika asili yake hapo. Wasioandikwa hubaki nje. Hapo hakuna nyota, na ndivyo ipasavyo.

Seva nyingine hazina mahali pa kujaza namna hiyo. Mafundi huuandika mstari wa karibu katika faili la seva inayokaa mbele ya hifadhidata, kwa mfano nginx. Njia ni mbalimbali, maana ni moja. Lakini mstari usiandikwe mahali pawili, kwa kuwa jibu likija na mistari miwili ya karibu, kivinjari hulikataa.

Sasa nataka kuwaungamia kosa langu mwenyewe.

Kikundi kimoja cha wafuga nyuki kiliniomba nikisaidie. Walikuwa na hifadhidata: kila mwanachama, kilo za asali alizoleta, fedha alizolipwa, na deni lake. Walitaka ukurasa ambapo mwanachama atatia neno lake la siri aone hesabu yake. Ukurasa ulikaa katika seva moja, hifadhidata katika nyingine. Kivinjari kikakataa. Nikaweka nyota. Kikakataa tena! Maana iko kanuni nyingine: ombi likibeba kitambulisho cha mtu, nyota haikubaliwi, seva sharti itaje asili kwa jina, tena iseme waziwazi kwamba vitambulisho vinaruhusiwa.

Ilikuwa usiku, nimechoka. Nikaandika programu ya ujanja: asili yoyote itakayopiga hodi, irudishiwe jina lake lile lile, pamoja na ruhusa ya kitambulisho. Ukurasa ukafanya kazi. Asubuhi wanakikundi wakapiga makofi. Ila mzee mmoja, aliyekuwa mwenyekiti wao, hakupiga. Akaniita kando.

Akasema, "Mwanangu, deni langu naliona. Je, na mtu mwingine aweza kuliona?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee. Ni lazima awe na neno lako la siri."

Akatikisa kichwa, akasema, "Basi mlangoni umemweka nani, na umemwambia nini?"

Sikuwa na jibu. Mlangoni nilikuwa nimemweka bawabu asemaye karibu kwa kila amwitaye. Mwanachama yeyote ambaye ameingia katika hesabu yake, kisha akafungua ukurasa wa mwizi, angeweza kusomewa deni lake na mapato yake. Mnunuzi wa asali mwenye hila angejua nani ana shida ya fedha, akamkandamiza bei. Siku hiyo hiyo nilirudi kwenye seva. Nikaandika orodha yenye asili moja tu, ile ya ukurasa wa kikundi. Sasa hodi ikija, programu hutazama orodha kwanza. Jina likiwamo, hujibu karibu kwa jina hilo. Lisipokuwamo, hunyamaza. Kazi ile haikuchukua hata nusu saa. Namshukuru mzee yule mpaka leo, maana hakujua kompyuta, lakini alijua mlango.

Kabla sijamaliza, onyo moja. Msidhani kwamba karibu hii ni kufuli. Sheria ya asili hushikwa na kivinjari, kwa ajili ya kumlinda mtumiaji wa kivinjari. Mtu anayetumia programu nyingine, isiyo kivinjari, hafungwi nayo. Anaweza kuiuliza seva moja kwa moja. Kirangozi mtiifu husimama, lakini mwizi wa usiku hana kirangozi. Kwa hiyo habari za siri zilindwe na seva yenyewe: kila ombi liulizwe kitambulisho, na kila mtu aonyeshwe yaliyo haki yake tu. Tena mgeni apewe kusoma, asipewe kufuta.

Basi tukusanye maneno yetu. Ukurasa una asili yake, na hifadhidata ina asili yake. Zikiwa mbalimbali, kivinjari hupiga hodi na kungoja karibu ya seva. Habari za watu wote, sema karibu kwa nyota. Habari za watu fulani, taja wageni kwa majina. Na habari za siri, weka pia kufuli.

Ninyi wengi hamtaandika programu kesho. Lakini wengi wenu ni wanachama wa vyama, ni wagonjwa wa zahanati, ni wazazi wenye watoto shuleni. Majina yenu yamo katika hifadhidata za watu wengine. Mnayo haki ya kuuliza swali la mzee yule: mlangoni mmemweka nani, na mmemwambia nini?

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Asili ya ukurasa ina mambo mangapi? Yatajeni.
2. Katika mfano wetu, nani ni mtemi na nani ni kirangozi?
3. Kwa nini Wikidata hujibu kwa nyota, na hifadhidata ya kikundi cha nyuki haifai kujibu hivyo?
4. Mwalimu alifanya kosa gani usiku ule? Alilirekebishaje?
5. Kwa nini tunasema kwamba karibu ya seva si kufuli?

Kazi ya nyumbani. Andikeni mistari mitano: ni chama, shule au zahanati gani yenye habari zenu, na ni swali gani mtakalomwuliza msimamizi wake. Mwalimu wa darasa atayasoma.

Mpaka somo lijalo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.